Ini la Papa, Sahani ya Shangazi

Bukavu, Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023

Papa yangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba matope ya mlima wa Ngomo hayakukuchosha. Barua hii inakuja na Papa Gaston, dereva wa lori la mchele, kwa sababu ulisema habari za ugonjwa zisipite kwenye simu. Najua simu yako inalala dukani ili ichajiwe moto, na kila anayekaa pale anasikiliza. Bahasha nimeizungushia utepe wa skochi mara mbili. Papa Gaston aliniuliza kama ndani kuna dhahabu ya Mwenga.

Niliahidi kukuandikia kwa Kiswahili mambo ambayo Docteur Eulalie alisema kwa Kifaransa Jumatano ile. Pale hospitali nilitafsiri haraka, na nadhani mengine yalianguka njiani.

Ile mashine ya kupima ini haipigi picha kama ya mifupa. Kile kichwa chake alichokubana nacho katikati ya mbavu kinagonga kidogo, kama mtu mwenye adabu anavyogonga mlango. Mtikisiko unaingia kwenye ini na kutembea. Katika kitu laini unatembea polepole. Katika kitu kigumu unakimbia. Gonga bugali wa moto, kisha gonga bugali wa jana, utaelewa. Mashine inapima mbio hizo na kuandika ugumu wa ini kwa namba. Mtu asiye na shida anapata kama 5. Wewe umepata 10,2.

Docteur anasema namba hiyo inaweza kuonyesha makovu ndani ya ini. Makovu yakizidi, ini linashindwa kazi yake ya kutengeneza na kutunza chakula cha mwili. Sukari yako katika damu ni 1,38, si mbaya sana lakini imepanda. Aliona pia mafuta kwenye ini. Anataka umwone mtaalamu, na hapa Bukavu hayupo.

Alikuuliza mara tatu saa ya mwisho uliyokula. Mara zote tatu ulijibu, na mimi nikatafsiri: tangu jana magharibi. Aliandika hivyo kwenye karatasi.

Papa, usiogope kabla ya wakati. Mimi pia ninajaribu. Hapa internat, bwenini, tuko salama, na interro ya biolojia nilipata 17 juu ya 20.

Mtoto wako,
Yasmine


Luberizi, tarehe 15 mwezi wa kumi

Mutoto wangu Yasmine,

Barua yako imefika, skochi haikuguswa. Gaston anasema umemunyima usingizi.

Nilifika vizuri. Mpunga wa upande wa mufereji umeota sawa. Mama yako hajambo, ila hasemi sana, na nitakuambia sababu.

Ile karatasi ya Kifaransa nilimupelekea jirani yetu Xavier, yule aliyesomea uuguzi, ili aisome tena. Hakukosea kuisoma. Alikosea kuisomea barazani, watu wakiwa wanangoja mashine ya kukoboa. Alipofika kwenye ile 10,2 akasema, "Papa Yunus, ini ya hivi sisi tunaiona kwa walevi wa kasiksi." Mutu mumoja akacheka: "Kumbe muadhini anaitaga watu musikitini, halafu yeye anapita nyuma ya migomba." Nilicheka pamoja nao, kwa kuwa nilidhani itaishia pale.

Haikuishia. Ijumaa Atumani wa musikitini alikuja kwangu, akakaa, akazungumza juu ya mvua. Wakati wa kusimama akasema, "Ndugu yangu, pumuzika kidogo. Mimi nitaadhini mpaka upate nguvu." Nimeadhini pale tangu baba yangu alipopoteza sauti, miaka kumi na minane, na hiyo pombe ya ndizi sijaionja hata kwa ulimi. Mama yako naye, juzi nilimuona ananusa kikombe changu kabla ya kukiosha. Alipojua namuona, akakiosha haraka.

Sikulaumu, wewe ulifanya kazi yako ya kutafsiri. Ila mambo ya ini tuyaache hapa. Mungu akipanga, amepanga. Nimeanza kumuonyesha mama yako mipaka ya mashamba na zamu zetu za maji, ili siku moja asidanganywe. Wewe soma.

Msalimie shangazi yako Feza kule Nguba. Mwambie nilifurahi sana kukaa kwake baada ya ile miaka mitatu, na kwamba sijasahau mkono wake wa kupika.

Papa yako,
Yunus


Bukavu, tarehe 22 Oktoba 2023

Papa yangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Halafu niliomba ruhusa kwa mkuu wa internat, nikarudi kwa Docteur Eulalie na daftari langu. Nilimwambia ukweli: baba yangu hanywi, ni muadhini, na watu wamemshusha kwa sababu ya namba. Alivua miwani. Alisema, "Binti yangu, namba haijui kitu kuhusu kasiksi. Inajua ugumu tu."

Kisha alinieleza, na mimi nakuandikia polepole.

Ini linaweza kuwa gumu kwa njia nyingi. Njia ya kwanza ni makovu, na makovu hayaji na pombe peke yake. Yanaweza kuja na homa ya ini, au na sukari na mafuta ambayo mwili umeshindwa kuyatumia kwa miaka mingi. Mtu asiyejua hata harufu ya pombe anaweza kuyapata.

Njia nyingine inapita haraka. Mtu akila, damu yote ya matumbo inapitia kwenye ini kwanza, imebeba chakula. Ini linaipokea, linachagua, linaweka sukari akiba. Saa hiyo linajaa na kuvimba ndani ya ngozi yake. Wewe unajua magunia kuliko mimi. Gunia ulilolishindilia mpaka mdomo, ukilipiga kofi ni gumu. Ukilipunguza linakuwa laini. Mpunga wa ndani ni uleule, haujaharibika. Mashine inapiga kofi tu, haiwezi kujua kama ni makovu au ni gunia lililojaa. Ndiyo maana inapimwa mtu akiwa hajala angalau saa tatu.

Docteur alitazama karatasi zako tena. Anasema damu yako haifanani na damu ya mtu mwenye makovu mengi. Kitu hakikubali. Aliniuliza tena kama ulikuwa hujala. Nilimjibu kwamba baba yangu ni mtu wa kufunga, akisema hajala, hajala.

Mashine hiyo ni ya kuazima. Inaondoka Bukavu tarehe 24 Novemba. Watu wanaongoja ni wengi, na Docteur hapimi mtu mara mbili bila sababu.

Papa, nakuuliza kwa heshima yote. Asubuhi ile, kabla ya hospitali, ulikula?

Yasmine


Luberizi, tarehe 29 mwezi wa kumi

Mutoto wangu,

Mfano wa gunia nimeuelewa. Umefundishwa vizuri.

Nilikwisha kumujibu docteur mara tatu, na ya ine sina. Bukavu sirudi. Barabara ni mbaya, na mpunga unataka kupaliliwa.

Mama yako amejua mipaka yote sasa, na anaikumbuka kuliko mimi. Jana alisema tuliacha hatua mbili upande wa shamba la Zagabe, na ni kweli. Kwa mambo ya kikombe hatujazungumza. Sauti ya Atumani ni nzuri, lakini alfajiri anachelewa.

Soma kwa bidii.

Papa yako,
Yunus


Bukavu, Jumapili tarehe 5 Novemba 2023

Papa,

Leo nilienda Nguba kumsalimia shangazi. Alipika mchele ule ulioleta, na samaki wadogo wa sambaza kutoka ziwani. Nilimwambia shangazi, ni mwingi. Akanijibu hivi, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Kula, mutoto. Baba yako siku ile ya hospitali alikulaka zaidi ya hii. Niliamuka mbele ya jogoo, nikamupikia muchele na nyama ya mafuta, maana ule mustari wa hospitali ninaujua, unaweza kukaa pale mpaka kiza. Akamaliza. Nikaongeza. Akamaliza tena, akafuta na sahani kwa kidole kama mutoto. Miaka mitatu sikumuona kula kwangu, Yasmine. Nilienda jikoni nikalia kidogo, lakini usimuambie."

Nilikaa na kijiko mkononi. Shangazi akadhani nimekwamwa na mwiba.

Anasema ulikula saa kumi na mbili. Mashine ilikupima saa moja na nusu. Gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomo.

Papa, sijui namna ya kuandika hili bila kukosa adabu, kwa hiyo nitaliandika tu. Ulimdanganya Docteur, na mimi nikautafsiri uongo wako kwa Kifaransa kizuri. Halafu nikaurudia, peke yangu, na nikauapia. Sasa unamwonyesha Mama zamu za maji kana kwamba unaondoka duniani, na labda huna kitu zaidi ya mafuta na sukari. Kwa nini?

Shangazi sikumwambia kitu. Lakini zimebaki siku kumi na tisa.

Yasmine


Luberizi, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja

Yasmine,

Huna kosa la adabu. Nilikaa na barua yako siku mbili, na sasa nitakujibu mara moja, kisha tusirudie.

Bibi yako alipofariki hapa Luberizi, shangazi yako alikuwa njiani kutoka Bukavu. Ngomo ilikuwa imeanguka barabarani, magari yamesimama pande zote mbili. Alituma neno tumungojee. Wazee walisema maiti haingoji, na joto la huku unalijua. Nilimuzika mama yetu baada ya adhuhuri. Feza alifika jua likiwa linazama, viatu mkononi, matope mpaka magotini, akakuta udongo. Mama yako alimuwekea sahani ya msiba. Aliitazama, akaisukuma katikati ya mkeka bila kuonja hata punje, akaondoka asubuhi. Kwetu sahani ikirudi hivyo, undugu umekatwa, hakuna anayehitaji kuelezwa. Miaka mitatu sikula kwake, wala yeye kwangu.

Sasa mwaka huu anasikia niko mugonjwa, ananiita mwenyewe, naenda, nalala kwake. Asubuhi naamuka, nakuta sahani mezani, na yeye amesimama kwenye mulango wa jikoni na kitambaa mabegani, ananitazama. Nilikumbuka ile karatasi uliyonipa kabla ya kipimo: asile. Niliikumbuka vizuri kabisa. Lakini ungekuwa wewe, Yasmine, ungemuambia nini? Kwamba ni mambo ya mashine? Angeona sahani imerudi, basi.

Nikala. Alipoongeza, nikala tena. Na pale hospitali nilisema sijala, kwa sababu wangenirudisha nyumbani, naye angeniuliza kwa nini nimerudishwa.

Usimuambie. Nakukataza kufungua mdomo juu ya hili. Afadhali niitwe mulevi na watu wa Luberizi wote kuliko Feza asikie kwamba chakula chake ndicho kilichoniharibia kipimo. Ule mlango umefunguka baada ya miaka mitatu, sitaki mutu aufunge.

Papa yako


Bukavu, Nguba, le 14 novembre

Yunus,

Ni mimi Feza. Usitafute mutoto kwa fimbo. Yasmine hakufungua mudomo wake hata kidogo. Alikuja Jumapili, akaacha barua yako juu ya meza yangu, wazi, karibu ya chumvi, akasema anaenda kuosha sahani. Sahani zilikuwa mbili. Alizikawisha saa nzima. Anajua mimi karatasi siiachake, hata ile ya kufungia mandazi ninasoma.

Nimesoma. Nikarudia.

Weye Yunus ni mupumbavu tangu utoto, na Mama alikuwa anasema. Unaniogopa mimi kuliko ini yako? Ulikaa pale mbele yangu, ukasukuma nyama ndani kama mutu anajaza matala ya kulalia, na mimi namupa Allah shukurani jikoni, kumbe unajiharibia kipimo mbele ya macho yangu. Kama ungesema, "Dada, hospitali wamenikataza," ningekasirika. Ndiyo, ningekasirika, sitakudanganya. Mpaka saa ine hivi. Halafu ningekufunikia sahani.

Kwa mambo ya Mama, nilijua tangu siku ile ile kwamba hukuwa na njia. Ngomo hukuiangusha weye. Nilihitaji mutu wa kukasirikia, na mulima haujibu. Nimeiandika sasa, haitarudi tena kwa mudomo wangu.

Sikia. Nilienda mwenyewe kwa huyo docteur na Yasmine. Nilimuambia, "Kosa ni ya sahani yangu, mwandike hivyo." Alicheka mpaka akakaa. Anasema hiyo ni sababu ya kutosha. Anakupima tarehe 21, saa mbili asubuhi. Panda na Gaston tarehe 20. Ukisema mpunga unataka kupaliliwa, nitakuja kuupalilia mimi mwenyewe, na unajua namna ninavyopalilia.

Kwangu hakutawashwa moto asubuhi hiyo. Hata chai. Hata mimi sitakula.

Dada yako mukubwa,
Feza


Bukavu, tarehe 21 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Barua hii atakuletea Papa mwenyewe, lakini ni yako. Nilimwomba asiifungue, na safari hii sikuweka skochi.

Leo asubuhi nilifika Nguba saa kumi na mbili. Jiko lilikuwa baridi. Shangazi na Papa walikuwa wamekaa mezani na hakuna kitu juu yake, wanatazamana kama watu wanaongoja gari. Papa alisema, "Feza, hata maji?" Shangazi akamjibu, "Maji uliza mutoto, yeye ndiye docteur." Nikasema kidogo yanaruhusiwa. Akampa nusu kikombe.

Docteur Eulalie alimuuliza Papa saa ya mwisho aliyokula. Kabla sijatafsiri, shangazi alijibu kwa Kifaransa chake: "Hier soir, dix-neuf heures, je jure," yaani jana jioni saa moja, naapa. Docteur aligonga mara kumi kwenye mbavu, kama desturi. Nilitazama namba zikitoka moja baada ya nyingine, na niliziandika zote kwenye daftari nikikuwazia wewe. Mashine inachukua ile ya katikati. Ni 7,1.

Mama, nakueleza maana yake bila kuongeza wala kupunguza. Docteur anasema chini ya 8 hakuna dalili ya makovu makubwa. Ile 10,2 ilikuwa ya tumbo lililoshiba. Ini la Papa halijakauka. Lakini si zima kabisa. Mafuta bado yapo, yaleyale ya mwezi uliopita, na sukari leo ni 1,34. Mafuta hayo hayakutoka kwenye pombe. Mwili wake hautumii vizuri sukari na wanga, na kinachobaki ini linakigeuza mafuta na kukitunza, mwaka baada ya mwaka. Akiendelea hivi, makovu yanaweza kuja kweli. Akibadilisha chakula, mafuta yanaweza kupungua, na ini likarudi kufanya kazi yake vizuri. Docteur hakuahidi. Alisema "inawezekana", na mimi nimeliandika neno hilo kama alivyolisema.

Kwa hiyo: mchele nusu ya alivyozoea, mboga za lengalenga na maharagwe zaidi, chai bila vijiko vinne vya sukari, na kila siku atembee mpaka mwisho wa mfereji na kurudi. Papa alisikia habari ya mchele akasema, "Mimi ndiye ninayeulima, na mimi ndiye ninayekatazwa." Docteur akamjibu kwamba hajakatazwa, amepimiwa.

Docteur ameandika karatasi mpya yenye sentensi moja kuhusu pombe. Nimeitafsiri kwa Kiswahili chini yake, kwa herufi kubwa: UGUMU WA KWANZA ULITOKANA NA CHAKULA, SI NA KILEO. Papa alitaka kuiweka mfukoni. Shangazi alisema isomwe pale pale barazani, kwa sauti ileile, na Xavier mwenyewe. Naona ana haki. Docteur hajui kama itamrudisha Papa kuadhini, na mimi pia sijui. Wewe lakini nakuomba kitu kimoja. Ukiosha kikombe chake, usikinuse tena. Alikuona, akaniandikia.

Sasa jambo la mwisho, halafu nirudi internat kabla ya kufungwa mlango.

Tulipotoka, shangazi alitukalisha kwenye ukuta mfupi wa hospitali, upande wa kivuli. Kumbe kwenye kikapu alikuwa na sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Aliipika jana. Mchele kidogo, lengalenga nyingi, samaki mmoja. Alimpa Papa kijiko na kusema, "Sasa kula."

Papa alikula taratibu. Alikula samaki wote na lengalenga zote. Mchele aliula nusu, kisha akaweka kijiko chini. Ilibaki sehemu, Mama, kiasi cha viganja viwili, katikati ya sahani.

Papa aliangalia barabara na si sahani.

Shangazi alitazama ule mchele. Kisha akavuta kitambaa, akaifunika sahani, akafunga fundo, akairudisha kwenye kikapu chake.

"Umeshiba?" akamuuliza.

"Nimeshiba, dada."

"Vizuri," akasema. "Twende, tutembee. Docteur amesema utembee."

Mtoto wako,
Yasmine